Kuchora Mtu Kunahitaji Jicho la Mwenzio

Ukichora mwembe ukakosea tawi, hakuna atakayejua. Ukichora mlima ukauongezea bonde, mtazamaji atakubali kwamba mlima ndivyo ulivyo. Mchore mtu, umzidishie mkono sentimita mbili tu, hata mtoto wa chekechea atahisi kuna kitu hakijakaa sawa, ingawa huenda asiweze kukionyesha kwa kidole. Tumekuwa tukitazama miili ya watu tangu tulipofumbua macho duniani. Jirani tunamtambua kwa mwendo akiwa bado mbali, kabla sura haijaonekana. Uhodari huo wa kumtambua mtu ndio unaoufanya mwili kuwa somo gumu kuliko yote katika uchoraji, na ndio unaofanya iwe vigumu kujifunza somo hilo ukiwa umejifungia chumbani peke yako.

Mtu anayeliona kosa papo hapo katika mchoro wa mwenzake hulipita kosa lile lile katika mchoro wake bila kushtuka. Kinyozi hajinyoi. Anapochora, kichwa chake kimejaa mambo anayoyajua. Anajua mkono ni mrefu. Basi hata mkono ulionyooshwa kumwelekea yeye, ambao kwa jicho umefupika mpaka ngumi inalifunika bega, atauchora kwa urefu wake wote. Anajua uso ndio wenye maana. Basi kichwa kinakuwa kikubwa, na miguu inakosa nafasi chini ya karatasi. Mwenzake aliyeketi pembeni hana mzigo huo. Yeye anaona alama zilizoko kwenye karatasi, si nia iliyozizaa.

Mwaka 1997 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Dale Cohen na Susan Bennett, walichapisha utafiti uliouliza kwa nini watu wengi hawawezi kuchora wanachokiona. Walitenganisha sababu zinazowezekana: labda mkono hautii, labda mtu hajui achague mistari ipi na kuacha ipi, labda hauoni vizuri mchoro wake mwenyewe, labda hakioni sawasawa kile anachokichora. Walikuta kwamba mkono hauna lawama kubwa. Chanzo kikuu cha makosa kilikuwa katika kukiona kile kinachochorwa. Mwaka 2005 Cohen alionyesha jambo lingine ambalo ningependa kila mwanafunzi wa kuchora alibandike ukutani: wachoraji hodari huinua macho kukitazama kinachochorwa mara nyingi zaidi kuliko wengine. Hawatazami kwa muda mrefu kisha wakainama kuchora kwa kumbukumbu. Wanatazama kidogo, wanachora kidogo, wanatazama tena. Kumbukumbu haipewi nafasi ya kupenyeza mambo yake.

Ndiyo maana mazoezi ya mwanzo huwa ya haraka. Mtu anakaa au anasimama mbele yenu kwa sekunde 30, anabadilisha mkao, anakaa dakika moja, kisha mbili. Kimon Nicolaïdes, aliyefundisha katika Art Students League ya New York, aliuweka mtindo huu kwenye moyo wa mafunzo yake, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1941, miaka mitatu baada ya kifo chake, kiliueneza kwa walimu wengi. Katika sekunde 30 huwezi kuchora kope wala vifungo vya shati. Kinachowezekana ni kunasa mwili unafanya nini: umeegemea wapi, umejipinda upande gani, uzito wake umeangukia mguu upi. Wanaoanza huchukia zoezi hili kwa sababu karatasi zao zinaonekana kama nyuzi zilizochanganyikana. Mimi huwaambia waziache hivyo hivyo. Mchoro wa sekunde 30 ukiwa nadhifu, ujue mchoraji hakutazama mwili mzima. Ametazama kichwa tu.

Uzito ndilo jambo la kwanza la kujifunza, na lina kanuni unayoweza kuipima. Mwashi huhakikisha ukuta wake umesimama wima kwa timazi, ule uzi wenye kitu kizito nchani. Mchoraji naye anaweza kushika timazi mbele ya jicho, au penseli iliyosimamishwa wima. Mtu akisimama akiwa ameulaza uzito wote kwenye mguu mmoja, shusha timazi kutoka kile kishimo kilicho chini ya koo, kati ya mifupa miwili ya mtulinga. Uzi utaangukia kwenye kifundo cha mguu uliobeba mwili. Ukichora mtu wa namna hiyo na uzi ukaangukia katikati ya miguu miwili, mtu wako anaanguka, hata kama vidole vyake umevichora kwa ufundi mkubwa.

Tena mguu ule unaobeba huisukuma nyonga ya upande wake juu, nyonga ya pili ikashuka, na mabega yakainama kinyume ili mwili usipinduke. Wachongaji wa Ugiriki walianza kulionyesha jambo hili katika marumaru kiasi cha mwaka 480 kabla ya Kristo. Kabla ya hapo sanamu zao zilisimama zikiwa zimegawa uzito sawasawa, kama askari gwaride. Huna haja ya kwenda makumbusho kuliona. Mtazame mama aliyembeba mtoto ubavuni akisubiri daladala. Nyonga imetoka nje, bega la upande ule limeshuka, kichwa kimeinama kidogo upande wa pili. Akimhamishia mtoto ubavu mwingine, mwili mzima unajipanga upya kwa mara moja. Mchoraji anayeweza kuonyesha mabadiliko hayo kwa mistari minne ameshajifunza zaidi ya yule aliyekariri majina ya misuli yote ya mgongo.

Vipimo vina kazi yake pia. Mtu mzima wa kawaida ana urefu wa vichwa vyake kama saba na nusu. Nusu ya urefu wake huangukia karibu na kinena, si kwenye kitovu kama wengi wanavyodhani. Mikono ikinyooshwa pembeni, upana wake karibu ulingane na kimo. Kiganja, kutoka kifundo cha mkono mpaka ncha ya kidole cha kati, hufunika uso kutoka kidevuni hadi nywele zinapoanzia. Jaribu sasa hivi. Unyayo hulingana na mkono kutoka kisugudini hadi mwanzo wa kiganja, na hapa ndipo karibu kila anayeanza anapokosea, kwa kuwachorea watu nyayo za mtoto. Vipimo hivi ni vya kusahihishia, visiwe vya kujengea. Mtu akijipinda au akilala, urefu wote unaoonekana hubadilika, na mwenye kuvishikilia vichwa saba na nusu atamchora mtu aliyelala kama aliyesimama akaangushwa.

Swali linalonijia kila ninapolizungumza somo hili mbele ya wazazi ni lile la uchi. Ni kweli kwamba Ulaya, kwa karne nyingi, kuchora umbo la mtu kulimaanisha kumchora mtu asiye na nguo, na desturi hiyo ilikuwa na ukali wake. Royal Academy ya London ilipoanzishwa mwaka 1768, wanawake wawili walikuwa miongoni mwa waasisi wake, Angelica Kauffman na Mary Moser. Johan Zoffany alipowachora wanachama wakiwa wamekusanyika kumzunguka mwanamume aliyevua nguo ili achorwe, hakuweza kuwaweka wanawake hao chumbani. Aliwachora kama picha mbili zilizotundikwa ukutani. Wanawake walifungiwa nje ya somo lililohesabiwa kuwa msingi wa sanaa yote, kisha wakaambiwa hawawezi kuchora michoro mikubwa yenye watu wengi. Ni dhuluma iliyodumu zaidi ya karne moja.

Sisi tuna heshima zetu kuhusu mwili, na sioni sababu ya kuzivunja ili mtu ajifunze kuchora. Mabaraza ya pwani yamejaa watu wanaotulia bila kuombwa: wachezaji wa bao na karata, fundi cherehani aliyeinamia kitambaa, waendesha bodaboda waliojilaza juu ya pikipiki zao wakingoja abiria. Omba ruhusa kwanza. Mwambie mzee, "Shikamoo, babu. Naomba nikuchore huku ukiendelea na mchezo wako," na mara nyingi atakubali, kisha atataka kuona. Wanaotaka kuona misuli waende ufukweni wavuvi wanapoivuta ngalawa, au kiwanjani vijana wanapocheza mpira na bukta zao. Nguo yenyewe si pazia tu. Kanga na kanzu huvutika pale mwili unapozikaza, yaani begani, kisugudini, nyongani, gotini, na mikunjo huanzia hapo ikielekea pengine. Ukizitafuta sehemu hizo za mkazo kwanza, nguo inakuonyesha mwili uliko. Ukianza na mikunjo, utapata gunia.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vingi vya kufundishia havituambii, kwa sababu vilitungwa mbele ya sanamu za plasta nyeupe na watu weupe. Vinafundisha kwamba umbo linasomwa kwa kivuli. Kwenye ngozi nyeusi umbo linasomwa zaidi kwa mng'ao: mwanga unaokaa kwenye paji la uso, mfupa wa shavu, kilele cha bega, muundi wa mguu, na ule mwanga hafifu unaorudishwa na ukuta au mchanga upande wa kivuli. Mwanafunzi anayefuata kitabu kwa uaminifu hukoleza mkaa kwenye karatasi nyeupe mpaka uso wa shangazi yake unakuwa doa jeusi lisilo na umbo, kisha anadhani kosa ni lake. Tumia karatasi ya kaki, ile ya kufungia madaftari ya shule. Rangi yake iwe ndiyo ngozi ya katikati. Mkaa uingie kwenye vivuli, na chaki nyeupe ya ubaoni ipite kidogo sana pale mwanga unapogonga. Uso utatokea.

Mkaa wa jikoni ni mgumu mno, unakwaruza karatasi. Wa kuchorea unaweza kuutengeneza: vijiti vyembamba vikavu, vilivyomenywa ganda, vipangwe ndani ya kopo lenye kifuniko kilichotobolewa tundu dogo, kopo likae motoni mpaka moshi ukome kutoka tunduni. Liache lipoe kabisa kabla ya kufungua, la sivyo vijiti vitashika moto mara vikikutana na hewa.

Picha za simu nazishauri zikae kando katika mwaka wa kwanza. Kamera ina jicho moja, na lenzi ya simu ni pana. Ukimpiga mtu picha kwa karibu, goti lililo mbele linavimba na kichwa kinarudi nyuma. Mwanafunzi anayenakili picha hiyo ananakili makosa ya lenzi. Zaidi ya hayo, picha haichoki. Mtu halisi akikaa dakika 10 bega linaanza kushuka, shingo inatafuta pa kupumzika, na mchoraji analazimika kuamua upi ni mkao anaoufuata. Uamuzi huo ndio mafunzo.

Nimesema hujifunzi peke yako, na historia ya shule zenyewe inaliunga mkono jambo hilo kuliko tunavyodhani. Tunapofikiria shule za sanaa za Ulaya tunamwona bwana mkubwa akipita kati ya wanafunzi. Katika Académie Julian ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1868, mabwana hao walipita mara moja au mbili kwa wiki. Siku zilizobaki wanafunzi walikuwa na mtu wa kumchora, jiko la kuotea moto, na wenzao. Art Students League yenyewe iliundwa mwaka 1875 na wanafunzi. Huko London, mwaka 1735, William Hogarth aliisimamisha shule ya St Martin's Lane kwa mchango wa wanachama, wote wakiwa na haki sawa, kwa sababu aliamini kwamba vyeo ndani ya chumba cha kuchorea huharibu kazi. Rafiki anayechora mkao ule ule, saa ile ile, ana kitu ambacho bwana mkubwa amekwisha kukisahau: bado anaumia pale pale unapoumia wewe.

Mfano ulionifundisha zaidi kuhusu nguvu na hatari ya maoni ya mwenzako ni wa Vincent van Gogh. Barua zake zimehifadhiwa, kwa hiyo tunaweza kumwona akijifunza mwaka hadi mwaka. Aliamua kuwa mchoraji mwaka 1880 akiwa na miaka 27, katika eneo la migodi ya makaa ya mawe la Borinage, Ubelgiji. Aliazima michoro ya kufundishia ya Charles Bargue, akainakili karatasi zote 60 za mazoezi ya mkaa, na baadaye akazirudia. Mwisho wa mwaka huo, Brussels, alikutana na Anthon van Rappard, Mholanzi aliyekuwa mdogo wake kwa miaka mitano na aliyekuwa amepitia shule ya sanaa. Kwa takriban miaka mitano waliandikiana, wakatembeleana, wakachora pamoja mashambani, wakaambiana udhaifu wa kazi zao.

Katika miaka hiyo Vincent alichora watu kwa bidii inayotisha. Alichora wakulima wakilima na kupanda. Huko The Hague aliwalipa wazee wa nyumba ya maskini wamkalie, na akatengenezewa fremu yenye nyuzi ya kupimia pembe na umbali. Majira ya baridi ya 1884 kuingia 1885, kijijini Nuenen, alichora vichwa vya wakulima kwa makumi. Kutokana na kazi hiyo ulizaliwa mchoro wa familia ikila viazi chini ya taa, watu watano mezani. Mwezi Aprili 1885 aliichora familia hiyo tena juu ya jiwe la kupigia chapa, kwa kumbukumbu, kwa kama siku moja, na nakala moja akaituma kwa Rappard.

Jibu lilifika mwishoni mwa Mei. Rappard hakuficha kitu. Aliuliza kwa nini mkono mmoja ule uwe mfupi namna ile. Aliuliza kama mwanamume mmoja hana goti, tumbo wala mapafu. Aliuliza birika la kahawa na mkono unaolishika na meza vina uhusiano gani, maana birika halikuonekana limekaa wala limeshikwa. Alisema Vincent ana uwezo wa kufanya vizuri zaidi ya pale, na kwamba hakustahili kuwataja wachoraji wakubwa aliowaheshimu huku akifanya kazi kwa uzembe. Vincent aliikunja barua ile akamrudishia mwenyewe. Waliendelea kuandikiana kwa uchungu miezi michache, na kabla ya mwaka kwisha urafiki ulikuwa umekufa.

Ukiitazama chapa ile leo, karibu kila alichokitaja Rappard kipo. Kwa macho alikuwa sahihi. Kosa lake lilikuwa mahali pengine. Hakumuuliza mwenzake alikuwa anatafuta nini. Alihukumu chapa iliyofanywa haraka na kwa kumbukumbu kana kwamba ndiyo kazi yenyewe ya rangi, ambayo hakuwa ameiona. Aliyasema yote mara moja, kwa barua, pasipo mtu yeyote mbele yao ambaye wangeweza kumtazama tena pamoja. Na juu ya makosa ya mkono na goti aliweka hukumu juu ya tabia ya mtu. Mkono mfupi unaweza kurefushwa kesho asubuhi. Mtu aliyeitwa mzembe na rafiki yake wa miaka mitano hana cha kurekebisha kwenye karatasi.

Maoni yale hata hivyo yaliingia. Si Rappard peke yake aliyesema. Paris nako mchoraji mzee Charles Serret, aliyeonyeshwa kazi zile na Theo, ndugu yake Vincent, aliona kasoro katika miili. Kiangazi cha mwaka ule ule Vincent alichora karatasi kubwa za wakulima wakichimba, wakiokota masuke, wakifunga miganda, na michoro ile haifanani na ya nyuma. Alikuwa amekutana na wazo lililohusishwa na mchoraji Delacroix, kwamba wachongaji wa kale hawakuanza na mstari wa nje bali na katikati, yaani maumbo ya duara na ya yai yanayobeba uzito wa mwili. Akaanza hivyo. Migongo ikajaa, nyonga zikapata unene, miguu ikakanyaga ardhi. Yule mwanamume asiye na tumbo wala mapafu hakutokea tena. Mwezi Novemba alihamia Antwerp, na huko, licha ya kugombana na walimu wa shule ya sanaa, alijiunga na vikundi viwili vya wachoraji waliokutana usiku kuchora watu. Aliyemrudishia rafiki barua yake bado alikuwa akitafuta wenzake.

Basi kikundi kiendeshweje ili kiwe na macho ya Rappard bila kuwa na barua yake? Kwanza, anayetoa maoni awe naye amechora mkao ule. Mtu aliyekaa bila kuchora huona haraka mno na kusema kirahisi mno. Pili, mwenye mchoro aseme kwanza alikuwa anatafuta nini: uzito, au mpindo wa mgongo, au mwanga. Wenzake waanzie hapo. Na maneno yawe ya kupimika. "Umejitahidi" halimsaidii mtu, na "mbona hafanani?" humwumiza bila kumwonyesha njia. Linalosaidia ni kama hili: "Nilishusha timazi kutoka sikioni, likafika kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, kwako limeangukia nje ya mguu." Maneno hayo hayana sifa wala tusi ndani yake, na mwenye mchoro anaweza kuyahakiki mwenyewe.

Ahakiki, naam. Jambo ambalo vikundi vingi hulisahau ni kumwomba mkaaji, yaani yule anayechorwa, arudi kwenye mkao baada ya maoni. Chora kwa chaki sakafuni mahali nyayo zake zilipokuwa, na mahali mkono wake ulipoegemea kiti, kabla hajanyanyuka kunyoosha viungo. Akirudi, ubishi wa robo saa huisha kwa sekunde tano za kutazama. Na anayesahihisha asiguse karatasi ya mwenzake. Achore pembeni, kwenye karatasi yake, hata kama ni kijistari kimoja cha bega.

Kwetu kuna ugumu wa ziada, nao ni adabu. Kijana hamkosoi mkubwa wake mbele za watu, na mkubwa akishasema, wadogo hunyamaza. Dawa yake nyepesi ni mpangilio: mdogo kuliko wote aseme kwanza, na aseme kwa kuuliza. "Kaka, uzito wake uko mguu upi?" Hilo ni swali la heshima kabisa, na mara nyingi kaka mwenyewe, akijaribu kulijibu, hugundua kwamba mtu wake hana mguu unaobeba. Nimeona mazungumzo yakigeuka kabisa kwa swali kama hilo kutoka kwa binti wa kidato cha pili.

Maoni yakipingana, msipige kura. Anayesema bega limepanda na anayesema limeshuka huenda wote wanasema kweli, kwa sababu kila mmoja aliketi upande wake wa mkaaji, na bega lililoinuka kwa huyu linafichwa na shingo kwa yule. Mtoa maoni anyanyuke, akakae kwenye kiti cha mwenye mchoro, atazame kutokea pale. Wengi hurudi wakiwa wamebadilisha kauli.

Yako pia mambo ambayo kikundi hakina mamlaka nayo. Katika kiangazi kile cha 1885 Vincent alimwandikia Theo kwamba hakutaka watu wake wawe sahihi kwa namna ya shule. Alitaka mchimbaji achimbe. Katika nchi zetu yuko Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro, aliyesoma Makerere chini ya Margaret Trowell, mwalimu aliyependelea wanafunzi wachore kutokana na kumbukumbu na fikra kuliko kwa kukaa mbele ya mtu. Kisha Ntiro alikwenda Slade ya London, shule iliyosifika kwa kuchora mwili. Alirudi akiendelea kuchora watu wadogo, wa mviringo, wasio na misuli, wakibeba mizigo kati ya migomba. Mchoro wake wa mwaka 1956 wa wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku uko katika Museum of Modern Art, New York. Hakuna kikundi kinachopaswa kumwambia Ntiro kwamba mikono ya watu wake ni mifupi. Kinachoweza kumwuliza ni kama mzigo unaonekana mzito, na kwake unaonekana. Anayesema "huu ndio mtindo wangu" naye anaweza kuulizwa hivyo hivyo. Akiweza kuuchora mkao ule kwa namna nyingine akitaka, mtindo ni wake kweli. Asipoweza, bado ana la kujifunza, na si aibu.

Watu wanne wanatosha kuanza. Wachorane kwa zamu, wakiwa na nguo zao, kila mmoja akikaa robo saa: mikao 10 ya sekunde 30, mitano ya dakika moja, na mmoja wa dakika tano. Karatasi zote ziandikwe tarehe na zihifadhiwe, hasa zile mbaya. Mkao mmoja wa siku ya kwanza uandikwe vizuri: nani alikaa, mguu upi ulibeba, mkono ulishika nini, mwanga ulitoka dirisha lipi, kila mmoja aliketi wapi. Baada ya miezi sita mkaaji yule yule arudi kwenye mkao ule ule, kila mmoja achukue kiti chake cha awali, na michoro miwili ya kila mtu ibandikwe ukutani sambamba. Siku hiyo mwenye michoro ndiye aanze kusema, na awaambie wenzake anaona nini sasa ambacho wao walikuwa wakimwambia tangu mwanzo.